Nyundo mia hazinishtui, kifuniko cha sufuria kinanirusha. Hii ni nini?

Fundi wa Kariobangi (Jumanne, saa tatu usiku)

Hamjambo nyote. Nina swali limenisumbua karibu mwaka mzima. Naliuliza hapa kwa sababu nyumbani na kazini majibu ninayopewa yananiumiza kuliko swali lenyewe.

Mimi ni fundi wa mabati pale Kamukunji, Nairobi. Wanaopajua wanajua kelele zake. Kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jioni ni nyundo juu ya chuma: masanduku ya wanafunzi, makarai, majiko, masufuria makubwa ya hoteli, wilbaro. Fuawe yangu ni kipande cha reli, na jirani wa kulia ana chake, wa kushoto ana chake. Mteja mgeni akija hujiziba masikio na kuuliza bei kwa vidole. Mimi humo humo nakunywa chai, nahesabu pesa, na saa saba mchana najilaza juu ya maboksi nikapata lepe la usingizi. Hakuna mlio unaonigusa.

Sasa nikirudi nyumbani, mke wangu akiangusha kifuniko cha sufuria, naruka. Mabega yanapanda mpaka masikioni, mikono inajikunja, pumzi inakatika, halafu moyo unadunda kama nimepanda ngazi za orofa sita bila kupumzika. Kifuniko chenyewe ni chepesi, ni cha sufuria ya ugali.

Kuguswa kutoka nyuma ndiko kubaya zaidi. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nafungua viatu. Binti yangu wa miaka 6 akaja kimyakimya akanishika shingoni anikumbatie. Kabla sijajua ni yeye, mkono wangu ulikuwa umeshamsukuma. Aliangukia kochi, hakuumia. Lakini alivyonitazama sijasahau. Tangu siku hiyo akitaka kunijia husimama mbali kwanza aone kama nimemwona.

Kazini nako vijana wamegundua. Mmoja alidondosha bati nyuma yangu makusudi nikiwa na mkasi wa kukatia mabati mkononi. Nimeshonwa nyuzi nne kwenye kidole gumba cha kushoto, na wiki nzima sikufanya kazi.

Mama mkwe anasema kushtukashtuka ni dalili kuna mtu ananiwazia mabaya. Jirani wa ploti anasema anayeshtuka ovyo ana jambo anaficha. Mwenzangu wa kazi anasema nimekuwa mwoga. Mimi sina ninalolificha, na kwa uoga, niulizeni nimebeba mizigo gani katika mji huu.

Ninachotaka kujua ni hiki. Kushtuka maana yake ni nini hasa? Ni ugonjwa? Na mbona pale penye kelele sishtuki, nikifika penye utulivu ndipo narushwa?

---

Mwalimu Mstaafu, Pangani

Ndugu Fundi, pole kwa kidole. Mimi si daktari. Nimefundisha Kiswahili miaka 31, kwa hiyo nitagusa neno tu, maana naona hapo ulipoambiwa "mwoga" ndipo palipokuuma.

Tazama vitenzi vyetu: pasua na pasuka, zindua na zinduka, gutua na gutuka, shtua na shtuka. Hicho cha kwanza kina mtendaji. Cha pili hakina; ni jambo lililompata mtu au kitu. Chungu kikipasuka hatukiulizi kwa nini kimeamua kupasuka. Vivyo hivyo huwezi kumwamuru mtu "shtuka!" akatii. Unaweza kumwambia kimbia, jifiche, nyamaza. Kuogopa ni jambo jingine, lina muda ndani yake: unaona, unafikiri, unaogopa. Kushtuka humtangulia mtu mwenyewe.

Na kwetu Mombasa, nilikozaliwa, tunatofautisha zaidi ya hapo. Kugutuka ni ule mruko wa mtu aliyekuwa amezama kwenye mawazo au usingizi. Kukurupuka ni kutoka mbio kama paa kichakani, hapo miguu imeshaingia kazini. Kuduwaa ni kinyume chake: mwili umesimama, mdomo wazi, hakuna kinachosonga. Ukimsikiliza mtu vizuri ametumia neno gani utajua kimempata kipi. Wewe umesema "naruka" na "narushwa". Hilo la pili lina nguvu isiyo yako ndani yake. Mkeo na jirani walisikie hivyo.

---

Afisa wa Kliniki, Umoja

Fundi, nitajibu kwa kirefu kidogo. Nimekaa kliniki miaka 11 na watu wenye swali kama lako huja wakisema wana "presha" au "moyo".

Mlio wa ghafla ukiingia sikioni haupandi kwanza mpaka kule juu ambako mtu hufikiria. Unakata njia ya mkato. Kutoka sikioni unafika kwenye shina la ubongo, pale chini ambapo ubongo unaungana na uti wa mgongo, na kuna kundi dogo la seli pale linalotuma amri moja kwa moja kwa misuli. Macho hufumba kwanza, ndani ya takriban sehemu 4 za sekunde iliyogawanywa mara 100. Shingo hufuata, kisha mabega, mikono, mwili kuinama mbele, magoti. Ndiyo picha uliyoieleza mwenyewe. Mwili unaficha macho, shingo na tumbo. Wewe kujua kwamba ni kifuniko cha sufuria huja baadaye, na moyo kudunda ni mwili ukijiandaa kwa lolote litakalofuata.

Je, mtu anaweza kujizuia? Charles Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza, alijijaribu. Katika kitabu alichotoa mwaka 1872 anasimulia alivyoenda kwenye bustani ya wanyama London akaweka uso karibu na kioo kinene, upande wa pili yupo moma. Moma huyu huyu wa kwetu anayelala njiani shambani. Akaapa moyoni kwamba nyoka akigonga kioo hatarudi nyuma. Nyoka alipogonga, kiapo kilikwisha palepale. Aliruka hatua moja au mbili nyuma kwa kasi iliyomshangaza mwenyewe. Alijua kioo kipo, na hakuwahi kuumwa na nyoka maishani. Mwaka 1939 watafiti wawili wa Marekani, Landis na Hunt, walitoa kazi yao ya kuwapiga watu picha kwa kamera ya kasi huku bastola ikilia nyuma yao. Sehemu nyingine za mruko zilipungua kadiri mlio ulivyorudiwa. Kufumba macho kulibaki.

Hapo ndipo jibu la Kamukunji lilipo. Mwili huzoea mlio unaorudiarudia na usioleta madhara. Tena nyundo ya jirani unaiona ikipanda kabla haijashuka, na yako unaishika mwenyewe. Mlio unaoutarajia hauna nguvu ya ule usioutarajia. Lakini chunguza kesho asubuhi nyundo ya kwanza kabisa ikilia, utaona kama macho hayakufumba. Na kwa kuwa umetaja kelele: zaidi ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 8 kila siku zinaharibu masikio polepole, na nyundo juu ya chuma inapita hapo. Nunua vifunika masikio, nakuomba.

Sasa upande wa nyumbani. Kuna kiungo kidogo ndani ya ubongo, umbo la lozi, kinaitwa amigdala. Hicho ndicho mlinzi wa hofu, na kina uzi unaofika kwenye zile seli za mruko. Kikiwa macho, mlio uleule humrusha mtu kwa nguvu zaidi. Gizani watu hushtuka zaidi kuliko kwenye mwanga, hilo limepimwa. Mtu anayetarajia kuumizwa hushtuka zaidi. Kwa hiyo kabla sijasema zaidi nakuuliza jambo, na kama hutaki kulijibu hadharani usilijibu: hali hii ilianza lini, na kabla ya hapo kuna kitu kilikupata? Hasa kutoka nyuma, hasa shingoni?

---

Mama Kifungua Mimba, Roysambu

Samahani naingilia. Mtoto wangu ana wiki 5. Mlango ukigongwa anatupa mikono yote miwili kama anayeanguka kutoka mtini, kisha anaikusanya na kulia. Nyanya yake anamfunga leso kwa nguvu. Niogope?

---

Afisa wa Kliniki, Umoja

Hapana mama, huyo yuko sawa. Daktari Ernst Moro alieleza mruko huo mwaka 1918 na mpaka leo sisi huutafuta kwa kila mtoto mchanga; tunaogopa tusipouona, au tukiuona upande mmoja tu. Utapungua na kuisha kati ya miezi 3 na 6. Leso ni sawa, ila nyonga na miguu ipate nafasi.

Cha kumpeleka mtoto hospitali haraka ni hiki: akishtuka mwili mzima unakakamaa kama ubao, na pumzi inasimama. Kuna ugonjwa wa kurithi wa namna hiyo, haipaekpleksia. Neva zina kemikali iitwayo glisini ambayo ni kama breki, na kwa hao breki haishiki vizuri. Ni nadra sana, na una dawa. Mtoto akikakamaa hivyo, kumkunja kichwa na miguu kuelekea tumboni huifungua pumzi wakati mnakimbilia msaada.

---

Kijana wa Majani

Nimesoma hii uzi yote na nimekaa nayo tangu jana. Mimi ni mmoja wa wale waliokuwa wanavaa nguo za majani na kusimama kama mti kando ya njia hapa mjini, mtu akipita unaruka mbele yake, mwenzako anarekodi. Video zilikuwa zinatazamwa sana na tulipata pesa kidogo.

Siku moja mzee mmoja wa makamo, suti ya kijivu, mfuko wa dawa mkononi. Nilipomrukia hakupiga kelele kama wengine. Alikaa chini palepale kwenye ukingo wa njia, akashika kifua, dawa zimemwagika. Nilipiga magoti nikazikusanya, mkono wangu unatetemeka kuliko wake. Alichoniuliza ni "Kijana, nimekukosea wapi?" Nilikosa jibu na sijalipata mpaka leo. Video hiyo tuliifuta, na majani niliyachoma.

Fundi, mtu aliyedondosha bati nyuma yako akiwa anakuona na mkasi, mwonyeshe hii. Mwambie imetoka kwa mtu aliyefanya vilevile.

---

Fundi wa Kariobangi

Asanteni. Afisa, swali lako nililisoma saa nne usiku nikafunga simu. Nimerudi leo.

Ndiyo. Mwaka juzi, mwezi wa saba, nilitoka kazini nimechelewa kwa sababu ya oda ya masanduku. Saa mbili unusu usiku natembea kuelekea Muthurwa kutafuta gari la Kariobangi, taa za barabara hazikuwaka upande ule. Nikapigwa ngeta. Wasioijua: ni mkono unakuja kutoka nyuma, unakubana koo, unainuliwa mpaka vidole vya miguu tu ndivyo vinagusa chini, na mwingine anasafisha mifuko. Sikusikia hatua. Niliamka nikiwa kwenye mtaro, simu hakuna, pesa za oda hakuna, kiatu kimoja hakuna. Mama mmoja wa mboga alinipa maji na nauli.

Nyumbani nilisema nimeporwa simu kwenye gari. Sikutaka mke wangu aogope kila nikichelewa. Shingo iliniuma wiki mbili, ikapona, nikasema yameisha. Sikuwahi kuweka jambo hilo na la kifuniko pamoja. Uliposema "hasa shingoni" ndipo nilipomwona binti yangu na mikono yake midogo, na nikaelewa mkono wangu ulikuwa unamsukuma nani.

Na nimejichunguza ulivyosema. Nyundo ya kwanza asubuhi, macho yanafumba kweli. La pili nililoligundua ni hili: pale kibandani nilibadilisha mahali pangu pa kukaa tangu mwaka juzi. Sasa nakaa mgongo ukiwa umegusa ukuta. Nilidhani ni kwa sababu ya jua.

---

Mama wa South B

Mwanangu Fundi, nakuita mwanangu kwa sababu wa kwanza wangu lazima awe rika lako. Niruhusu nikusimulie.

Mwaka 1998 nilikuwa sekretari katika jengo moja la Haile Selassie Avenue, orofa ya nne. Ijumaa tarehe 7 Agosti, siku ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa kwa bomu, saa nne na nusu asubuhi imepita kidogo. Wasiokuwepo hudhani ulikuwa mlio mmoja. Ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa kama gurudumu la lori limepasuka. Tuliruka sote ofisini. Mimi niliangusha kikopo cha klipu za karatasi, zikatapakaa chini ya meza. Rafiki yangu tuliyekaa naye alifumba macho, mkono kifuani, akasema, "Haki nimeshtuka." Kisha akafanya kile ambacho kila binadamu hufanya baada ya kushtuka: alienda dirishani kuangalia ni nini. Na wengine wakaenda. Mtaa mzima ulienda madirishani.

Mimi nilikuwa nimeinama naokota klipu mlio wa pili ulipokuja.

Waliokufa hapa Nairobi walikuwa 213, na waliojeruhiwa ni maelfu. Wengi sana waliumia macho kwa vioo, kwa sababu hiyo ya kuchungulia. Rafiki yangu alipoteza yote mawili. Yuko hai, tunapigiana simu kila Jumapili, na hutambua nyayo za wajukuu wake mmoja mmoja kabla hawajasema kitu.

Baada ya hapo miaka mitatu, gurudumu likipasuka barabarani nilijikuta chini ya meza. Sikumbuki kushuka. Niliona aibu mbele ya wafanyakazi wadogo. Kanisa moja lilianzisha kikundi, tukawa kumi na wawili tunakaa duara kila Alhamisi jioni tukisimulia. Mwanzoni sikuona faida ya kusimulia yaleyale. Mwezi wa nne au wa tano niliona naweza kufika kwenye mlio wa pili katika simulizi bila mikono kutetemeka. Mruko haukuisha wote. Ulirudi kuwa wa kawaida, kama wa watu. Ule usemi wa wahenga, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nilikuwa nausikia kama kicheko kwa watu wenye hofu. Sasa nikiusikia namwonea huruma yule aliyeumwa.

Mwambie mkeo, mwanangu. Mwambie leo.

---

Afisa wa Kliniki, Umoja

Mama wa South B, umenifundisha. Mruko hufumba macho, na mara baada yake huja hamu ya kujua "ni nini hiki?", ambayo huyafungua na kumgeuza mtu kuelekea mlio ulikotoka. Pavlov, mwanasayansi wa Urusi, aliiandika karibu kwa maneno hayohayo. Ya kwanza inamficha mtu, ya pili inampeleka dirishani. Ukisikia mlipuko usioujua, kaa mbali na kioo. Naomba kila mtu hapa awafundishe watoto wake hilo.

Fundi, kushtuka kupita kiasi ni mojawapo ya dalili zinazojulikana za mtu aliyepitia tukio la kutishia maisha, pamoja na ndoto mbaya, kukwepa mahali fulani, na kukaa macho wakati wote kama askari wa zamu. Ikizidi mwezi mmoja, ni jambo la kutibiwa, na tiba ya kwanza ni mazungumzo na mtu aliyesomea kazi hiyo. Ukitaka pa kuanzia, Hospitali ya Mathari kule barabara ya Thika ina kliniki ya wagonjwa wa kwenda na kurudi, usiogope jina. Usitumie pombe kutuliza usiku. Na nyumbani wasikushtue "ili uzoee". Kwako hilo halitazoesha, litamwamsha tu yule mlinzi. Wakutangazie wanapokuja, kwa sauti, kutoka mbele.

---

Fundi wa Kariobangi (Jumapili, saa kumi jioni)

Nimerudi kuwajulisha.

Nilimwambia mke wangu Alhamisi, watoto wakiwa wamelala. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kiatu gani kilichopotea. Nilipomtajia akasema, "Kile cha kahawia, ulisema umempa mlinzi." Alikuwa amekumbuka. Alilia, nami nililia. Vifuniko vya sufuria ameviondoa kwenye ile waya ya ukutani, viko kwenye ndoo sasa.

Kazini nilimwita yule kijana pembeni nikampa simu asome aliyoandika Kijana wa Majani. Alisoma mara mbili. Jana alipotaka kupita nyuma yangu alisema, "Fundi, napita," na leo asubuhi wengine wawili wamenipitia wakisema vivyo hivyo.

Mathari nitaenda Jumatano, nimeshaomba ruhusa ya nusu siku kwa mwenye oda.

Kuhusu binti yangu. Nilimweleza kwamba baba aliwahi kushikwa na mtu mbaya shingoni, na mwili wa baba bado unafikiri ni yule mtu. Aliuliza, "Mwili hauna macho nyuma?" Nikasema hauna. Akafikiri. Sasa akitaka kunijia anasimama pale kwenye pazia la chumba, anagonga hewani kwa ngumi kama mlango upo, anasema, "Hodi, hodi." Nami naitikia, "Karibu mwanangu," ndipo anakuja mbio. Jana alinishika shingo kutoka nyuma, baada ya hodi. Mabega yalipanda kidogo, yakashuka.